Moteri ya Coccinelle: mambo ya kupanga mbele ya kuifungua mara ya kwanza

Coccinelle ya mwisho ilitoka kwenye kiwanda cha Volkswagen cha Puebla, kule Mexico, tarehe 30 Julai 2003. Kufika siku ile, magari zaidi ya milioni 21 ya aina hiyo yalikuwa yametengenezwa. Huku kwetu upande wa mashariki bado zinaonekana: ingine ni ya baba aliyekuwa mwalimu, ingine iliachwa na misheni, ingine imelala ndani ya lupango chini ya shiti na kuku wanataga mayai humo.

Nyingi hazikulala kwa kukosa fundi. Moteri ilifunguliwa, vipande vikatiwa ndani ya makartoni na mabeseni, kiisha pesa ikaisha. Nyuma ya miaka miwili hakuna anayekumbuka tena bulo gani inaingia fasi gani. Kwa hiyo swali la kwanza la mwenye gari lisiwe "nani atanifungia moteri?" Kufunga ni kazi ya siku chache. Swali ni hili: vilebreke, ule mti mzito wa chuma unaozunguka ndani ya moteri, utapimwa na kuchongwa wapi, na ni pesa gani itakayobaki siku ya kujua vipimo?

Kujua kwanza ni moteri gani

Moteri ya Coccinelle inakaa nyuma, iko na silinda nne zilizolala, mbili kila upande, na inapozwa na upepo. Haina radiateri wala maji. Kuna 1200, 1300, 1500 na 1600, na kwa macho zinafanana sana. Pistoni ya 1200 na ya 1300 iko na upana wa milimetre 77, ya 1500 milimetre 83, ya 1600 milimetre 85,5. Nyuma ya miaka yote hii, gari iliyotoka na 1300 inaweza kuwa inabeba moteri ya gari ingine.

Namba inayosema ukweli imepigwa kwenye karteri, yaani lile sanduku la chuma linalobeba vyote, chini kidogo ya kiti cha dinamo. Herufi za mwanzo ndizo zinaonyesha aina: D ni 1200, F ni 1300, H ni 1500, AD ni 1600. Mtu asiagize hata jointi moja mbele ya kuisafisha ile fasi na kuandika namba kwenye daftari. Siku hizi ni rahisi zaidi kuipiga picha na simu na kuituma kwa muuzaji wa piesi.

Kupima moteri ingali imefungwa

Kipimo cha kwanza hakigharimu franga hata moja. Moteri ikiwa imezimika, mtu anashika ile puli kubwa ya nyuma kwa mikono miwili, anaivuta na kuisukuma kuelekea mbele na nyuma. Ikigonga "tok, tok" na mkono unasikia mchezo, hiyo ni habari mbaya. Mchezo wa kawaida ni milimetre 0,07 mpaka 0,13. Ukipita 0,15, kazi lazima. Kiasi hicho jicho halikioni, kinapimwa na komparateri. Lakini ule mgongo unaosikika waziwazi mara nyingi unaonyesha kwamba kusine namba 1, upande wa volanti, imekula fasi yake ndani ya karteri. Hapo hakuna dawa ya juu juu. Karteri itafunguliwa.

Kipimo cha pili ni kompresiyo. Moteri iwe na moto, buji zote nne zitolewe, mtu akanyage akseleratere mpaka chini, na batri iwe na nguvu, kwa sababu batri dhaifu inafanya moteri nzuri ionekane mbovu. Kwa 1600, vitabu vinaonyesha baa 8 mpaka 10 kuwa nzuri, na chini ya 7 kuwa imechoka. Lakini vitabu viliandikwa kwa watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Ziwa Kivu liko kwenye metre karibu 1460, na hewa ya Goma au Bukavu ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya sita. Moteri ambayo ingepima 9 huko pwani, hapa itapima karibu 7 na nusu na haina ugonjwa. Uvira, kando ya Tanganyika, iko chini zaidi, na tofauti inapungua. Kuna moteri zilizohukumiwa kufunguliwa juu ya hesabu hiyo tu. Kinachosema zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda: tatu zikipima 7,5 na moja 4, ugonjwa uko kwenye ile moja.

Mafundi wengi wanatia kijiko cha mafuta kupitia tundu la buji na kupima tena: kompresiyo ikipanda, segma zimechoka, isipopanda, ni supapi. Kwenye moteri iliyosimama hiyo njia ni nzuri. Kwenye Coccinelle silinda zimelala, mafuta yanakaa upande wa chini tu, na jibu linaweza kudanganya. Heri kutia hewa ya kompresere kupitia tundu la buji, supapi za ile silinda zikiwa zimefungwa, na kusikiliza inatokea wapi. Ikitokea kwenye fasi ya kumiminia mafuta, ni segma. Ikitokea kwenye karburateri, ni supapi ya kuingiza. Ikitokea kwenye bomba la moshi, ni supapi ya kutoa moshi.

Kama ni supapi peke yake, na puli haigongi, moteri itashushwa lakini karteri haitapasuliwa. Kulasi, kile kichwa chenye supapi, inatoka, inatengenezwa, inarudi. Pesa inayookolewa hapo ni minerval ya watoto. Fundi anayesema "tufungue yote" mbele ya kupima anapaswa kuulizwa kwa heshima: fundi, umeona nini?

Nini iliiua?

Moteri mpya ikirudishwa ndani ya matata ileile, itakufa vilevile. Kwa Coccinelle watuhumiwa si wengi.

Vumbi ni wa kwanza. Vumbi jeusi la mawe ya volkano linasaga segma kama karatasi ya msasa. Coccinelle nyingi za zamani ziko na filtri ya hewa ya kubeba mafuta ndani; mafuta yale yakikauka au yakijaa tope, filtri ni kopo tupu. Wa pili ni mafuta ya moteri. Coccinelle inabeba litre 2,5 tu, haina filtri ya kweli, ni kichujio cha waya chini ya karteri. Ndiyo maana mafuta yanabadilishwa kila kilometre 5000, na kwa barabara zetu hata mbele ya hapo.

Wa tatu ndiye anayesahauliwa zaidi: mabati. Moteri inayopozwa na upepo iko na mabati yanayoizunguka na kuongoza ule upepo, pamoja na mpira unaoziba nafasi kati ya mabati na bodi. Kazi ya yale mabati ni kuzuia hewa ya moto kutoka chini isirudi kuingia kwenye vantilateri. Mafundi wengine wanayatoa "ili moteri ipumue". Ni kinyume kabisa. Kukosa bati moja ya chini kunaweza kuua moteri iliyogharimu pesa ya mwaka mzima. Kwa hiyo mabati na ule mpira vinaingia kwenye bajeti sawa na pistoni.

Silinda namba 3 nayo inahitaji jicho. Iko upande wa kushoto, ile ya mbele. Katika moteri za mbele ya mwaka 1971, kipozeo cha mafuta kinasimama ndani ya njia ya upepo unaokwenda kwake, kwa hiyo inapata moto kuliko zingine. Supapi yake ya moshi ndiyo inayokatika kichwa na kupasua pistoni. Kuanzia 1971 kiwanda kilihamisha kile kipozeo.

Na bodi?

Mbele ya kutoa dola kwa ajili ya moteri, mwenye gari ainue mazulia na kugonga sakafu na skrudreva, zaidi sana chini ya batri, kule chini ya kiti cha nyuma. Kama chuma kinaanguka kama biskuti, pesa ya kwanza iende kwa suderi. Moteri nzuri ndani ya gari isiyo na sakafu haina wa kumbeba.

Pesa igawanywe namna gani

Watu wengi wanatengeneza gari kwa pesa inayokuja vipande vipande: mshahara, likelemba, mtoto aliyetuma kutoka Kampala. Hilo si tatizo. Tatizo ni kununua kwanza kile kinachopendeza. Pesa ya kwanza ikifika, inanunua kiti ya pistoni na silinda mpya, zinang'aa, zinawekwa chumbani. Nyuma ya miezi mitatu karteri inafunguliwa, inaonekana imepasuka, na pengine karteri ingine inayopatikana ni ya aina ambayo zile pistoni haziingii.

Kipande cha kwanza kinapaswa kulipa kushusha, kufungua, kusafisha na kupima, basi. Hakuna piesi inayonunuliwa hapo. Kipande cha pili kinalipa rektifikasiyo, yaani kuchonga upya, kwa sababu vipimo vyake ndivyo vinaamua kusine gani zitaagizwa. Cha tatu kinalipa kusine, pistoni, jointi, kulasi. Na robo ya pesa yote ikae pembeni bila kuguswa, kwa sababu karteri ya kizamani haikosi siri. Kama hesabu hiyo haitimii, moteri ibaki imefungwa: haiozi haraka, vipande vyake havipotei, na mtu anaweza kuingoja mwaka mwingine.

Jambo la pili ni atelie. Si kila mji uko na turneri mwenye mashine ya kuchonga vilebreke, na mwenye kuchonga karteri ya Coccinelle ni adimu zaidi. Mara nyingi kipande kitasafiri, pengine kitavuka mpaka. Aulizwe kwanza, kwa simu, na picha ya mashine yake. Vilebreke inapakwa mafuta, inafungwa ndani ya plastiki na kitambaa, inasafiri ndani ya sanduku la mbao, si chini ya magunia ya muhogo. Na kwenye duane ni vizuri kuomba karatasi inayoonyesha kwamba kipande cha kale kimetoka kwenda kutengenezwa. Bila hiyo, kikirudi kinang'aa kama kipya, kinaweza kuhesabiwa kama kipya. Barabara na mipaka yetu inajulikana: muda uliopangwa uongezwe mara mbili.

Siku ya kufungua

Kushusha moteri ya Coccinelle ni rahisi kuliko gari nyingi. Imeshikwa na gerboksi kwa fasi nne tu, ufunguo wa 17. Inatolewa bomba la esansi, kebo ya akseleratere, nyaya za umeme na mabomba ya hewa ya moto, kiisha inavutwa nyuma na kushushwa na kriki. Iko na uzito wa kilo 90 mpaka 115 hivi, kufuatana na aina na vinavyobaki juu yake. Watu wawili wanaiweza, watatu ni heri. Batri itolewe kwanza, na bomba la esansi lizibwe na bulo, kwa sababu tanki iko juu zaidi ya mdomo wa bomba na esansi itaendelea kumwagika peke yake.

Kila kundi la bulo liingie ndani ya mfuko wake wa plastiki na karatasi ndani yake. Bieli, zile mikono ya chuma zinazoshika pistoni, zipigwe alama ya silinda yake. Picha zipigwe kwa kila hatua, hata ya kitu kinachoonekana cha wazi. Siku ya kufunga ndipo itajulikana kwamba hakikuwa cha wazi.

Kazi moja inakataa mikono ya kawaida: ekru kubwa ya volanti, lile gurudumu zito. Inafungwa kwa kilogrametre 30. Maana yake, mti wa metre moja na kilo 30 zikining'inia mwisho wake. Ufunguo wenye nguvu hiyo utafutwe kabla, si siku ile. Nyundo na patasi vinaharibu ile ekru na vinaweza kupasua volanti.

Karteri ni ya aloyi ya magnesiumu, chuma chepesi na laini. Haifunguliwi kwa kuingiza skrudreva kati ya vipande viwili. Alama moja ya skrudreva ni mfereji wa mafuta milele. Mara nyingi inakataa kwa sababu kuna ekru moja imesahauliwa. Kusafisha kufanywe na petroli na brashi. Soda kali inakula aluminiumu ya kulasi na pistoni.

Namba tatu za kusine

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Vilebreke ya 1200 ya kisasa mpaka 1600 iko na shingo za milimetre 55 ambapo inashikwa ndani ya karteri, isipokuwa shingo namba 4 upande wa puli, yenye milimetre 40. Turneri akichonga, anapunguza kwa 0,25, au 0,50, au 0,75. Huo ni upande wa ndani wa kusine.

Lakini karteri nayo inachoka. Kitanda cha kusine, ambacho kikiwa kipya kina milimetre 65, kinageuka kuwa yai. Kinachongwa kuwa kikubwa kwa 0,50 au 1,00, na kusine inapaswa kuwa nene kwa nje kiasi hichohicho. Na ile kusine namba 1, inayozuia vilebreke isitembee mbele na nyuma, iko na upana wake ambao unaweza kuongezwa pia. Kwa hiyo kusine za Coccinelle zinaagizwa kwa namba tatu: ya ndani, ya nje, na upana wa namba 1. Mtu anayepiga simu kuomba "kusine za 0,50" atapata sanduku zuri lisiloingia popote. Na kama moteri iliwahi kufunguliwa zamani, zile za kale zisitupwe mbele ya kusomwa, kwani namba zake zimepigwa mgongoni.

Vipimo vichukuliwe na palmeri na komparateri, si kwa kucha wala kwa macho. Mwenye gari akae pale, aandike mwenyewe. Si kumdharau fundi. Ni kwa sababu karatasi hiyo ndiyo itakayotumwa kwa muuzaji.

Vingine vinaenda haraka. Pistoni na silinda vinanunuliwa pamoja, nne nne, na segma zake. Arbakame na vikombe vinavyopanda juu yake vibadilishwe pamoja, kwani kikombe cha kale kinakula arbakame mpya. Kulasi iangaliwe kama imepasuka kati ya supapi na tundu la buji. Ufa hapo ni wa kawaida, na kulasi ya namna hiyo mara nyingi haistahili kulipiwa kazi. Gujo zinazoshika kulasi zinang'oka ndani ya karteri laini. Kama uzi wa karteri umelegea, turneri atie vikopo vya chuma vyenye uzi mpya kwa zote, si kwa ile moja iliyong'oka.

Piesi mpya bado zipo. Brésil iliendelea kutengeneza kombi zenye moteri ya kupozwa na upepo mpaka mwisho wa 2005, na viwanda mbalimbali bado vinatoa piesi hizo. Ubora haulingani, na sanduku lenye jina zuri si ushuhuda. Kila kipande kipimwe mbele ya kuingia.

Kufunga, na kilometre za kwanza

Kusine zinazunguka kama pete na ziko na tundu dogo linalokalia pini ndani ya karteri. Zisipokaa sawasawa, karteri inazibonyeza, na vilebreke inakataa kuzunguka. Ndilo kosa la wanaoanza. Kila ekru ikifungwa, vilebreke izungushwe na mkono. Ikiwa nzito ghafla, kazi isimame pale. Mshale ulio juu ya pistoni uelekee volanti. Pete nyembamba za kusahihisha mchezo wa vilebreke zinaingia tatu sikuzote, hata kama mbili zinaonekana kutosha. Ekru za kulasi zinafungwa na ufunguo wa dinamometri, kilogrametre 3,2 kwa gujo za milimetre 10. Kuzidisha hapo hakuongezi usalama, kunang'oa gujo.

Mbele ya kuwasha, moteri izungushwe na demareri bila buji mpaka taa ya mafuta izimike. Ikiwaka, isiachwe kunguruma polepole: mizunguko karibu 2000 kwa dakika, dakika 20, ili arbakame mpya ipate mafuta. Nyuma ya kilometre 500 mafuta yabadilishwe na kichujio kioshwe, na supapi zirekebishwe moteri ikiwa baridi kabisa, milimetre 0,15 kwa 1600 za kisasa. Katika kilometre hizo za kwanza gari isipandishwe milima na mzigo.

Ile karatasi ya vipimo, yenye tarehe, namba ya karteri, namba tatu za kusine na upana wa pistoni, inafungwa ndani ya plastiki na kuwekwa pamoja na hati za gari. Mafundi wengine wanakwaruza zile namba tatu pia kwenye bati la vantilateri, kwa ajili ya yule atakayefungua safari ijayo.